Ufunguo wa pili nao una bei

UKURASA huu umezoea kumweleza msomaji bei ya mchele, ya mahindi na ya dola. Leo naomba ruhusa ya kuzungumzia bidhaa moja ambayo sijapata kuiona katika orodha yoyote ya bei: ufunguo wa pili wa gari, pamoja na nyaya zinazoendana nao.

Nenda katika yadi yoyote ya magari yaliyotumika hapa Dar es Salaam, usimame pembeni dakika kumi, uwaangalie wanunuzi. Mmoja anapiga teke tairi. Mwingine anapitisha kiganja kwenye rangi, anafungua boneti, anasikiliza injini, anauliza limetembea kilomita ngapi. Wanaojiona wajuzi zaidi wanainama kuchungulia kutu chini. Baada ya hapo ni kuvutana bei. Ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza, "Funguo ziko ngapi?"

Mjomba wangu naye hakuuliza. Alistaafu, akachanganya kiinua mgongo chake na mkopo kidogo, akanunua gari dogo la Kijapani ili afanye teksi. Alikabidhiwa ufunguo mmoja. Wa pili, aliambiwa, ulibaki huko huko Japani. Akacheka, wakapeana mikono.

Kwa kuwa mtaani kwao magari yalikuwa yakiibwa, wiki hiyo hiyo alimwita fundi amfungie alamu kwa sh. 120,000, rimoti mbili na king'ora. Kazi ilikwisha katika muda wa saa mbili chini ya mwembe. Mvua za masika zilipoanza, king'ora kikawa kinalia usiku bila mtu kugusa gari. Kisha betri ikaanza kufa. Akanunua mpya kwa sh. 180,000, nayo ikafa. Akagombana na muuza betri, ambaye nadhani hakuwa na kosa lolote. Mwisho ule ufunguo wake mmoja ulianguka kwenye sakafu ya saruji, ganda likapasuka, na kitu kidogo mfano wa punje ya mchele kikarukia asikojua. Tangu siku hiyo gari likawa linawaka sekunde mbili na kuzima. "Mpwa wangu," aliniambia kwa simu, "gari hili lina jini."

Halikuwa na jini. Ile punje ilikuwa chipu.

Tulio wengi bado tunadhani ufunguo ni chuma tu. Katika magari mengi yaliyotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, chuma kinafungua kitasa tu, na anayeruhusu injini iendelee kuwaka ni chipu iliyofichwa ndani ya plastiki. Chipu hiyo haina betri. Unapochomeka ufunguo, koili iliyozunguka kitasa inairushia nguvu kidogo kwa mawimbi ya redio, chipu inaamka na kutaja namba yake, na kompyuta ya gari inaangalia kama namba hiyo imo katika daftari lake. Ikiwamo, mafuta na moto vinaruhusiwa. Isipokuwamo, injini inazima. Kifaa hiki kinaitwa imobilaiza. Hakilii wala hakimezimezi, na kwa sababu hiyo mnunuzi hakijui na muuzaji hakitangazi.

Fundi wa kwanza alimwambia mjomba kuwa kompyuta imekufa, akapendekeza nyingine ya mtumba kutoka Gerezani. Kama angekubali angepoteza fedha bure, kwa maana kompyuta ya gari jingine inazijua funguo za gari jingine. Fundi wa pili, mwenye mashine ya kuandikisha funguo, alieleza jambo ambalo kila mnunuzi anapaswa kuambiwa pale pale yadi. Ukiwa na ufunguo mmoja mzima, kwa kawaida kuongeza wa pili ni kazi nyepesi, kwa kuwa ule wa zamani unautambulisha mpya. Ukiwa huna hata mmoja, mara nyingi kompyuta lazima ifunguliwe au daftari lake lifutwe na kuandikwa upya, na gharama inapanda. Gari likakaa siku 17. Mjomba kwa siku alikuwa akibakiwa na sh. 35,000 baada ya mafuta. Zidisha mwenyewe: sh. 595,000 hazikuingia, kabla ya kumlipa fundi, na wakati huo huo marejesho ya mkopo hayakusimama kumsubiri.

Sisi tuliosomea biashara tunaambiwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo ndani ya gari lenyewe, ila mwenye mali hajui kama lipo.

Sasa tuje kwenye alamu, maana hapa wengi tunachanganya mambo mawili. Alamu inapiga kelele, imobilaiza inakataa. Katika jiji ambalo king'ora kinalia usiku kucha na hakuna anayefungua dirisha, kelele si ulinzi mkubwa. Ulaya walilijua hilo mapema. Tangu Oktoba 1998 magari mapya ya abiria katika nchi za Umoja wa Ulaya yalilazimika kuwa na imobilaiza, na watafiti wa Uholanzi walioufuatilia wizi wa magari wa miaka ya 1995 hadi 2008 walikuta kuwa kifaa hicho rahisi kiliupunguza kwa kiasi kikubwa.

Marekani hawakuweka sharti kama hilo, na soko lao likalipa. Kwa magari ya mwaka 2015, imobilaiza ilikuwa kifaa cha kawaida katika asilimia 26 tu ya aina za Hyundai na Kia, wakati kwa watengenezaji wengine ilikuwa asilimia 96. Vijana walipogundua hilo na kuanza kufundishana kwa video, wizi ulilipuka katika miaka ya 2021 na 2022. Mwaka 2023 baadhi ya makampuni ya bima yalikataa kuyaandikia bima mpya magari hayo katika miji kadhaa, na Mei mwaka huo makampuni hayo mawili yalikubali suluhu ya takriban dola milioni 200 na wateja wao. Yote hiyo ni kwa kukosa kifaa ambacho gharama yake kiwandani ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya gari.

Kwetu hapa hesabu ni kali zaidi. Bima ndogo, ambayo ndiyo wengi wanayokata kwa kuwa sheria inailazimisha, inamlinda mtu wa tatu. Gari lako likiibwa hailipi hata senti. Kwa hiyo kwa mwenye bima ndogo imobilaiza ndiyo bima yake ya wizi.

Sisemi alamu haifai. Ninachokipinga ni ufungaji wa chini ya mwembe. Alamu nyingi za bei nafuu huja na rilei ndogo ya kukata umeme wa swichi au wa pampu ya mafuta. Ili kuiweka, fundi anaukata waya wa gari uliotoka kiwandani mzima, anausokota na mwingine, anauzungushia tepu. Kiungo hicho kikilegea au kikiingia maji, umeme unapita kwa shida, unazalisha joto, na siku moja unakata. Ukikata nyumbani, shukuru. Ukikata ukiwa katikati ya Barabara ya Morogoro na abiria wanne, injini inazima, usukani unakuwa mzito na breki inakuwa ngumu baada ya kuikanyaga mara chache. Mtu amelipa fedha ili gari lisiibwe, kumbe amenunua ajali.

Na betri? Hili nalo ni suala la hesabu tu. Gari likiwa limezimwa na kufungwa bado linakula umeme kidogo kwa ajili ya saa, kompyuta na alamu. Umeme wa kiasi cha ampea 0.05 ni wa kawaida. Betri ya ampea 45 kwa saa ingeweza kuvumilia saa 900, yaani siku 37 na nusu, ingawa kwa kweli ikifika nusu tu stata inaweza kushindwa. Fundi aliyepima gari la mjomba kwa mita alikuta ampea 0.6, na alipoichomoa ile alamu mshale ukashuka. Gawanya 45 kwa 0.6 upate saa 75, nusu yake ni saa 37 na ushee. Gari likiegeshwa Ijumaa saa 12 jioni, Jumapili saa 1 asubuhi haliwaki. Ndiyo maana ile betri mpya nayo ilikufa.

Kipimo cha pili kinafanywa injini ikiwa inanguruma. Kwenye vichwa vya betri, magari mengi yaonyeshe kati ya volti 13.8 na 14.5. Yakionyesha 12 na kitu, altaneta haichaji, na kununua betri ni kumwaga maji kwenye gunia.

Taa zenyewe zinasema mengi kwa mtu anayezitazama. Indiketa ya kawaida inawaka na kuzima kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Upande mmoja ukienda mbio kuliko mwingine, mara nyingi balbu moja ya upande huo imekufa. Ukikanyaga breki na taa nyingine ya nyuma ikawaka kwa unyonge isipotakiwa, tazama waya wa kurudishia umeme kwenye bodi, ule mafundi wanaouita ethi, huenda umeshika kutu. Haya hayahitaji mashine, yanahitaji mtu mmoja akae ndani na mwingine azunguke nje. Halafu fungua kisanduku cha fyuzi. Ukikuta mahali pa fyuzi ya ampea 10 pamewekwa ya 30, au waya mtupu, fahamu kuwa kuna hitilafu iliyofunikwa badala ya kutengenezwa. Fyuzi ndogo kazi yake ni kuungua kabla ya waya. Ukiikuza, waya ndio utakaoungua, na waya unapita chini ya zulia la gari lako.

Wapo wanaodhani gari jipya la kubonyeza kitufe limeyamaliza matatizo haya. Mwaka 2022 huko London mtafiti wa usalama wa magari aliibiwa Toyota RAV4 yake mwenyewe. Wezi walizifikia nyaya za taa ya mbele, kwa sababu katika magari ya sasa taa, milango na kompyuta vinazungumza kwenye nyaya zile zile. Wakachomeka kifaa kilichoiambia kompyuta kuwa ufunguo upo. Kwa hiyo taa iliyolegezwa usiku isichukuliwe tena kuwa ni uhuni wa watoto.

Hapa kwetu taa na vioo vya pembeni vinaibwa ili viuzwe, na lazima tukiri ni nani anayevinunua. Kila gari mjini limechorwa namba yake kwenye vioo na taa kwa hofu hiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kuibiwa kioo, nikaenda kununua kingine cha bei poa, na nilipofika nyumbani nikaona pembeni pamekwaruzwa palipokuwa na namba ya mtu. Sikukirudisha. Naandika makala haya nikilijua hilo.

Mwaka 1970 mchumi George Akerlof, aliyekuja kushiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2001, alitumia mfano wa magari yaliyotumika kueleza namna soko linavyoharibika pale muuzaji anapojua asichokijua mnunuzi. Mnunuzi anatoa bei ya kati kwa tahadhari, mwenye gari zuri anaona anapunjwa na kujitoa, yanabaki mabovu. Chuoni tulimkariri kwa ajili ya mtihani. Yadi zetu zinamthibitisha kila siku kwa upande wa umeme, kwani mwenye yadi aliyetumia fedha kutengeneza ufunguo wa pili na kunyoosha nyaya hapati hata shilingi zaidi ya jirani yake aliyepaka tairi rangi nyeusi.

Kwa maoni yangu dawa ni karatasi moja kwenye kioo cha mbele, karibu na bei: funguo ni ngapi, imobilaiza ipo au haipo, gari likilala linakula ampea ngapi, altaneta inatoa volti ngapi, na kama kuna alamu ya kuongezwa, imekatwa waya upi na nani. Mita ya kupimia si kifaa cha ajabu, na kazi yote haizidi saa moja kwa gari. Madalali watasema karatasi itapandisha bei. Itapandisha bei ya baadhi ya magari na kushusha ya mengine, na hiyo ndiyo kazi ya soko. Wakopeshaji wanaochukua kadi ya gari kama dhamana nao wangefaa kuidai, maana gari lililolala siku 17 halirejeshi mkopo wa mtu.

Hadi yadi zitakapokubali, mnunuzi aende na fundi umeme wake, amlipe, na asitoe fedha kabla ya kujaribu kila ufunguo aliopewa kwa kuwasha injini nao.

Mjomba amerudi barabarani. Alamu ameitoa, waya umeunganishwa upya kwa risasi ya kuchomea, na sasa ana funguo mbili. Mmoja uko mfukoni. Wa pili ameuficha mkewe, na amekataa katakata kumwambia uko wapi.