Ukienda Duluti, pitia makaburini

Vijana wa Arusha hupenda kupiga mahema kando ya Ziwa Duluti. Hupanda mitumbwi, hupiga picha, kisha hurudi mjini. Wengi hawajui kwamba hapahapa Tengeru palikuwa na kambi nyingine, isiyo ya starehe.

Kuanzia mwaka 1942, raia wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, walipokelewa chini ya Mlima Meru. Utawala wa Kisovieti ulikuwa umewang'oa makwao na kuwapeleka Siberia. Wakapita Uajemi hadi kufika kwetu. Hapa walilima, wakasomesha watoto, wakasali.

Waliofia ugenini wamelala nyuma ya ukuta, makaburi karibu 150. Misalaba imesimama safu kwa safu, na miongoni mwake lipo kaburi moja lenye Nyota ya Daudi.

Wageni husafiri kutoka Ulaya kuja kuwasha mshumaa hapo. Mtoto wa Tengeru kumaliza shule bila kupaona ni kasoro yetu wakubwa. Walimu na waongoza watalii, safari ijayo ya Duluti ianzieni makaburini, kabla ya kufungua mahema.