Glavu ya roboti bila jasho lako ni kitambaa tu

Wasee, wiki mbili zilizopita nilishea video ya glavu ya roboti. Mzee aliyepooza mkono amekaa, glavu inamfungua vidole, watu nyuma wanapiga makofi. Ikavuma kuliko kitu chochote nimewahi kuweka hapa, na kusema ukweli nilifurahi sana.

Halafu inbox ikajaa. Msichana mmoja akaniandikia kwamba babake alipata kiharusi mwezi wa pili. Familia imefungua grupu ya mchango WhatsApp, na sasa wanataka kuacha fiziotherapia ndio hizo pesa zinunue glavu. Akaniomba linki.

Sikumtumia. Acha nieleze.

Shida ya babake haiko kwa vidole. Kiharusi ni damu kukatika sehemu fulani ya ubongo, ama mshipa kupasuka humo ndani. Mkono uko, lakini anayeutuma amenyamaza. Ule uwezo unaorudi, unarudi kwa sababu ubongo unatafuta njia nyingine, na njia hiyo inachimbwa na mgonjwa mwenyewe akijaribu, mara mamia. Sasa zile glavu za bei nafuu mtandaoni zina kisanduku cha kupuliza hewa. Hewa inaingia, inavutwa, vidole vinakunja na kunyooka. Jamaa anaweza kuwa anacheki mpira wakati huo wote. Vidole havikakamai, sawa, hilo silidharau. Lakini ubongo haujaulizwa kitu.

Ziko zinazouliza. IpsiHand, iliyokubaliwa na FDA ya Marekani mwaka 2021, ina kifaa cha kichwani kinachosoma mawimbi ya ubongo upande ambao haukuumia. Usipofikiria kufungua mkono, haufunguki. Hiyo naikubali. Ila sio hiyo iko kwa ile linki mnaniomba.

Na hata roboti za hospitali si uganga. Uingereza walifanya utafiti unaitwa RATULS, wagonjwa 770, majibu yakatoka 2019. Waliofanyishwa mazoezi na roboti ya mkono hawakuweza kuutumia mkono vizuri kuwaliko waliopata huduma ya kawaida. Ile haikuwa glavu, najua, msinivamie kwa komenti. Lakini ilikuwa mashine ya maana, na wenyewe walikuwa hospitali.

Sasa hii ndio ilinimaliza. Kuna glavu yenye ushahidi mzuri, na huvaliwa mkono MZIMA. Utafiti wa EXCITE, Marekani, 2006, watu 222 waliopata kiharusi kati ya miezi mitatu na tisa kabla. Kundi moja lilivalishwa glavu nene isiyoshika kitu kwenye mkono mzuri karibu siku nzima, kwa wiki mbili, huku ule mgonjwa ukifanyishwa kazi kila siku na wataalamu. Mkono mgonjwa ukakosa mtu wa kumsukumia kazi. Walipopimwa mwaka mmoja baadaye, bado walikuwa mbele ya wenzao. Hakuna betri hapo, hakuna kisanduku. Masharti yapo: lazima kifundo na vidole viwe vinaweza kujiinua kidogo, na usijaribu peke yako nyumbani mtu akaanguka jikoni.

Mtu akiwa na pesa ya fizio NA ya glavu, anunue, hata mimi nitamsaidia kuchagua, bora iwe ile inangoja ujaribu kwanza ndio ikusaidie. Lakini mchango ni mmoja na watu wamechoka kuchanga. Kumtoa mtaalamu ndio uingize kisanduku cha hewa, hapo naona mnapigwa, na video yangu ilisaidia kuwapiga. Nimeandika hivyo juu ya ile video.

Msichana alinijibu jana usiku. Babake anainua kifundo kidogo, kidogo tu, tangu wiki jana. Anampeleka kliniki Alhamisi na ataulizia hiyo ya kufunga mkono mzima. Grupu bado inabishana.