"Mimi Navutia Nje"
Asubuhi za Juni pale Soni, Lushoto, ukungu ukiwa haujatoka bondeni, wapakiaji wa matenga ya kabichi huzungushiana sigara moja kabla Fuso halijaondoka. Waulize, watakwambia inapasha mwili. Mwenye mke mjamzito atajitetea: "Mimi navutia nje." Wazee nao wana ya kufungia mjadala: babu alivuta kiko maisha yake yote, na akazaa watoto tisa.

Tuanze na babu. Watoto tisa ni ushahidi kwamba yeye alizaa. Kuhusu mbegu za wanawe wa kiume, hawatuelezi kitu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, akiwemo Jonatan Axelsson, walichapisha vipimo vya vijana 104 wa miaka 17 hadi 20. Wale ambao baba zao walikuwa wakivuta wakati wa ujauzito walikuwa na mbegu pungufu kwa asilimia 51. Na anayevutia nje asikie hili: damu ya mama zao, iliyohifadhiwa tangu wakiwa wajawazito, ilipimwa dalili za nikotini. Hata moshi uliomfikia mama ulipozingatiwa kwenye hesabu, pengo lilibaki.

Vijana 104 ni wachache, tena ni wa Sweden, na uhusiano si uthibitisho wa chanzo. Nakubali. Lakini tumbaku inajulikana kuharibu vinasaba vya mbegu za mwanaume, na mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa. Inayotunga mimba leo ilianza safari yake baba akiwa na sigara mdomoni, awe sebuleni au uani. Mkulima wa viazi wa Magamba huchambua mbegu kabla ya kupanda. Hangoji shamba lichipue.

Kinachoniudhi ni mgawanyo wa lawama. Ndoa ikikaa bila mtoto, iwe Mlalo au Bumbuli, mke ndiye anayezungushwa kwa waganga na hospitalini. Mume hupimwa mwisho, tena akikubali, ilhali karibu nusu ya matatizo ya kukosa mtoto yanamhusu mwanaume pia. Akimsindikiza mkewe kliniki hupimwa VVU, jambo jema, lakini hata angeulizwa habari za sigara siku hiyo, kwa mimba iliyokwisha kutungwa swali limechelewa.

Mahali pa kuuliza ni mapema zaidi, na huku milimani tunapo: kwa shehe anayezungumza na vijana kabla ya kufungisha ndoa, na kwa mchungaji anayetoa mafundisho ya ndoa kabla ya kuitangaza. Bwana harusi akisema anavuta, aambiwe aache sasa, angalau miezi mitatu kabla hawajaanza kutafuta mtoto. Baridi ya Lushoto ina dawa nyingine, na majani ya chai tunalima wenyewe.