Mchawi Asimalize Vita Peke Yake

 Leo siongei juu ya kadi wala foleni. Naongea juu ya gemu. Naomba usicheke, kwa sababu jambo hili lilibaki kidogo tu livunje kundi letu.

Wengi wetu tunapenda zile gemu za safari: unachagua mhusika, unampa kazi yake, unatembea naye, anapigana, anakua levo kwa levo. Sasa si kila mtu ana kompyuta, na simu nyingi zetu zinakataa gemu nzito. Kwa hiyo hapa Kampala tulitengeneza yetu ya karatasi. Jumamosi mchana tunakaa watu sita. Ramani tumeichora nyuma ya kalenda ya zamani, vizibo vya soda ndiyo wahusika, dadu ni ile ya ludo. Mmoja anasimulia safari na kuwachezesha maadui. Watano wanasafiri: askari, mwindaji, mponyaji, mbeba mizigo na mchawi.

Sheria niliandika mimi, na kosa ni langu. Askari alikuwa anarusha dadu moja, anampiga adui mmoja. Mchawi alikuwa anarusha dadu tatu, na moto wake unawapiga maadui wote walio mbele, kila zamu, bila kulipa kitu. Niliona ni tamu. Uchawi ni uchawi bwana, lazima utishe.

Jumamosi ya tatu askari wetu hakuja. Nilimkuta njiani katikati ya wiki nikamuuliza kulikoni. Akaniambia: "Kaka, pale mimi nafanya nini? Nabeba upanga tu. Wiki nzima nakaa bure, Jumamosi tena nije kukaa bure?"

Nilirudi nyumbani nikachukua kalamu nikahesabu. Dadu moja, ukirusha mara nyingi, kwa wastani inakupa 3.5. Vita vyetu vilikuwa na zamu tano. Kwa hiyo askari anatoa kama 17.5 kwa adui mmoja. Mchawi na dadu zake tatu anatoa 52.5, tena kwa kila adui. Wakiwa maadui watatu ni zaidi ya 157. Yaani dogo alikuwa sahihi kabisa. Hata angelala usingizi, vita vingeisha vilevile.

Maoni yangu ni haya: katika gemu ya kundi, nguvu kubwa lazima ilipe gharama, na kila mhusika lazima awe na jambo ambalo asipokuwepo safari inakwama. Gemu isiyo hivyo, hata ikiwa na picha nzuri namna gani, inamfundisha mmoja kuwa mfalme na wanne kuwa watazamaji.

Tatizo hili si letu peke yetu. Dungeons & Dragons, ile gemu ya mezani iliyotoka Marekani mwaka 1974, ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilianza na kazi tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mchawi akianza alikuwa dhaifu sana, na uchawi mmoja tu kwa siku. Akishautumia, amebaki na kisu chake na woga wake. Mpiganaji alimlinda. Lakini levo zikipanda, mchawi alipanda haraka kuliko wote, na mkifika mbali yule mpiganaji aliyemlinda anabaki kumtazama. Wachezaji wamelalamikia jambo hilo miaka mingi. Kumbe hata wakubwa wanakosea palepale nilipokosea mimi.

Wajapani waliotengeneza Final Fantasy mwaka 1987 walifanya kitu ninachokipenda. Unachagua wasafiri wanne kati ya kazi sita, na uchawi una hesabu. Ukimaliza idadi yako, umemaliza, mpaka ukapumzike. Kwa hiyo ndani ya pango unaanza kujiuliza: nitumie sasa, au niweke kwa ajili ya mnyama mkubwa aliye mwisho? Swali hilo ndilo gemu yenyewe. Mchawi asiyejiuliza kitu hachezi, anabonyeza tu.

Wapo wanaosema dawa ni rahisi: mpunguze mchawi, wote wapige sawa. Hapana. Usawa si kufanana. Wote wakiwa na dadu moja, basi mna askari watano waliovaa nguo tofauti. Sisi tulifanya hivi. Mchawi tulimpa maharage matatu kwa safari nzima. Kila akitaka kutoa moto anatoa harage moja, na zamu moja anaitumia kujiandaa. Akipigwa wakati anajiandaa, moto umezimika na harage limekwenda. Kwa hiyo askari lazima asimame mbele yake. Na harage moja linarudi tu kama kundi limelala na kula, na chakula kiko kwa mbeba mizigo.

Tukahesabu tena kwa safari ya vita vitatu, zamu kumi na tano. Askari anatoa kama 52.5. Mchawi na moto wake mara tatu anatoa 31.5 kwa adui mmoja, lakini maadui wakiwa watatu inakuwa 94.5. Sasa ukikutana na jitu moja kubwa, unamwita askari. Ukizungukwa, unamwomba mchawi. Kila mmoja ana siku yake.

Halafu kuna mponyaji. Hii inaniuma zaidi. Ukiangalia vizuri, kila mara sisi wavulana tulikuwa tunasema, "Dada, wewe utakuwa mponyaji." Akakubali Jumamosi moja, mbili, tatu. Siku moja akaweka kizibo chake chini akasema: "Nimechoka kuwafuata nyuma nikiwafunga bandeji. Mimi pia nataka kuchagua njia." Tulinyamaza wote.

Hata zile gemu kubwa zina shida hii. World of Warcraft ilitoka mwaka 2004, na makundi yake yanahitaji anayepokea mapigo, anayeponya na wanaopiga. Wengi wanataka kupiga. Mwaka 2011 kampuni ikaongeza zawadi kwa anayekubali kazi iliyokosa watu. Si vibaya. Lakini sisi tunaojitolea tunajua: nauli inakuleta kwenye mkutano, haikufanyi uipende kazi. Mtu anabaki mahali ambapo uamuzi wake unahesabiwa.

Kwa hiyo mponyaji wetu tulimpa ramani. Tulisema hivi: anayejua majani ya dawa ndiye anayejua msitu. Yeye ndiye anaona njia panda kabla ya wengine, na anachagua. Tena dawa yake ni chache. Wakiumia wawili, anaamua nani kwanza. Tangu hapo wavulana wawili wamegombania kiti chake.

Jambo lingine ni jina. Mama mmoja alikuja kutuuliza, uso umekaza: "Mnafundisha watoto uchawi?" Usimcheke. Wengi tumetoka Kongo, na kule kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu ya neno hilo moja. Mtoto anaitwa mchawi, basi mlango umefungwa. Kwa Kiingereza unaweza kulisema ukicheka. Kiswahili chetu kinatenganisha. Mchawi anadhuru. Mganga anatibu na kukinga. Mazingaombwe ni ya kuchekesha watu sokoni. Hata Final Fantasy wana wa rangi nyeusi wa kuunguza na wa rangi nyeupe wa kuponya, sisi tungesema mchawi na mganga. Tulimwonyesha mama ramani na maharage, tukabadilisha jina, sasa mhusika wetu anaitwa mganga. Mama alikaa akatazama mchezo mzima.

Na kubadilisha jina kulitusaidia kuelewa mizani. Kwa sababu uganga, kwetu, hauji bila masharti. Usile hiki, usiguse kile, usigeuke nyuma. Kila mtu hapa alishasikia habari hizo. Wapiganaji wa kwetu wanaoitwa Mai-Mai walichukua jina kutoka kwa maji ya dawa ya kukinga risasi, na masharti yake: usiibe, usimguse mwanamke. Kule Tanganyika, kuanzia mwaka 1905, watu walipigana na Wajerumani wakiwa na maji ya Kinjeketile Ngwale. Wengi sana walikufa. Risasi haisomi masharti. Na mtu akianguka, waliobaki wanasema alivunja mwiko. Yaani marehemu ndiye mwenye kosa.

Ndiyo maana nasema masharti ni mazuri katika gemu, lakini yawe wazi mezani kabla dadu haijarushwa, na yamhusu kila mtu, hata msimulizi. Siku moja msimulizi wetu alibuni sheria katikati ya vita ili kumwokoa rafiki yake. Mchezo ulikufa palepale. Sisi tunajua vizuri kukataliwa kwa sheria ambayo hukuwahi kuisoma. Tusije tukaileta Jumamosi.

Wengine watasema mambo haya ni ya wazungu na Wajapani. Sivyo. Waulizeni Wanyanga wa Walikale habari za Mwindo. Utenzi wake ulichapishwa kitabu mwaka 1969, kutoka kwa msimulizi wao Rureke, lakini wenyewe walikuwa wanauimba zamani. Mwindo alizaliwa tayari anatembea, na usinga wake wa nguvu, unaoitwa conga, mkononi. Angekuwa yule mchawi wangu wa kwanza, hadithi ingeisha siku moja. Lakini tazama. Anamhitaji shangazi yake Iyangura. Anawahitaji wajomba zake wamvalishe chuma. Anapokwenda kuzimu kumfuata baba yake, kamba inamuunganisha na shangazi, ajue kama yuko hai. Na baadaye, alipomuua joka aliyekuwa rafiki wa Radi, Radi alimpandisha juu mbinguni akateswa kwa baridi, jua na njaa, akarudi na masharti. Shujaa mkubwa, lakini analipa na ana watu wake. Hiyo ndiyo mizani, na ni ya kwetu Kivu.

Najua swali lenu: kwani mtu hawezi kupenda gemu ambapo yeye ni kila kitu? Anaweza. Mwaka 2024 ilitoka Tales of Kenzera: ZAU, ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitengeneza kwa kumkumbuka baba yake. Unaweza kuisikiliza kwa Kiswahili. Zau ni mganga kijana mwenye vinyago viwili: cha jua kwa kupigana karibu, cha mwezi kwa kupiga kutoka mbali. Kazi mbili ndani ya mtu mmoja, inafaa, kwa sababu ni safari ya mtu mmoja na msiba wake. Hakuna anayekaa pembeni akingoja zamu. Hata hapo lazima ujue kinyago gani, saa gani. Lakini sisi tuko sita kwenye chumba kimoja.

Basi ombi langu kwa anayetengeneza gemu, ya simu au ya karatasi. Kabla hujaongeza moto mwingine, mwondoe mhusika mmoja mmoja kwenye safari ujaribu kucheza bila yeye. Ukimwondoa na hakuna kilichobadilika, hujampa kazi. Mpe kazi kwanza. Na ninyi ndugu wa mashirika, mnapokuja na mpango wenu kwa vijana, fanyeni jaribio hilohilo. Kama mpango unaendelea vilevile bila sisi, mmetuita kubeba upanga tu.

Askari wetu alirudi. Nilikwenda kwao na maharage mfukoni nikamweleza sheria mpya mlangoni. Jumamosi iliyofuata mganga alikuwa na harage la mwisho, anajiandaa, na maadui wanne wanakuja. Dogo alisogeza kizibo chake mbele akasema, "Pita kwangu kwanza." Alipigwa, uhai wake ukabaki mmoja, hakutoka. Moto ukatoka. Tulipiga kelele mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Nani alishinda vita vile? Mpaka leo tunabishana.