Jua la Nyeri na Kipimo cha Ngozi

Watu wa Nyeri, Karatina na Nanyuki husifu baridi ya kwao, na wengi hudhani kwamba penye baridi jua halidhuru. Kumbe kiunguzacho ngozi si joto, bali ni mwanga usioonekana kwa macho, uitwao urujuanimno, nao hupenya hata mawingu mepesi. Kila mtu apandapo mita 1,000 mwanga huo huzidi kwa kadiri ya sehemu 10 katika 100. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, tena karibu na ikweta, ambayo hupita Nanyuki.

Wataalamu hujuaje, basi, kiasi ambacho ngozi huweza kustahimili? Huijaribu ngozi yenyewe, kwa ridhaa ya mwenyewe. Mgongo, ambao hauonwi sana na jua, hufunikwa kwa kitambaa chenye matundu madogo, na kila tundu humulikwa kwa taa kupita lile lililotangulia. Siku ya pili hutazamwa ni doa lipi la kwanza lililogeuka jekundu. Hapo ndipo penye kipimo. Daktari atakaye kutibu ngozi kwa mwanga huo huanza kwa jaribio kama hilo.

Mafuta ya kuzuia jua nayo hupimwa hivyo: sehemu moja ya mgongo hupakwa, nyingine huachwa. Nambari 30 kwenye chupa maana yake ni kwamba sehemu iliyopakwa ilihitaji mwanga mara 30 ndipo igeuke nyekundu. Lakini katika jaribio mafuta hupakwa kwa wingi, miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Ajipakaye kidogo, kama apakaye mafuta ya kung'arisha uso, asitazamie kinga hiyo.

Tena wekundu huonekana kesho, bali saratani ya ngozi huja baada ya miaka mingi, wala hakuna awezaye kuijaribu kwa mtu. Mwenye ngozi nyeusi amezaliwa na ngao, ingawa si kamili. Mwenye ualbino hana, naye huchuma majani ya chai Othaya pamoja na jirani zake. Serikali ya Kenya imekuwa ikiwagawia watu hao mafuta bila malipo, na katika hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta kwa ajili yao. Hata hivyo kofia pana na shati la mikono mirefu haviishi kama chupa. Mwanafunzi mwenye ualbino asisimamishwe uwanjani saa sita mchana, ati kwa sababu mlima umefunikwa na mawingu.