MAONI: Kabla uchome pesa ya kodi, choma kwanza pesa hewa

Wiki kadhaa zilizopita nilikuwa kwa saiba moja pale Kawangware 46 nikiprinti makaratasi, dogo mmoja wa mtaa akanivuta kando. Akanionyesha simu. Akaunti yake ya foreksi ilikuwa imeanza na dola 10,000, na baada ya wiki mbili ilikuwa imefika dola 14,300.

"Bro, unaona hii? Hapa ni zaidi ya nusu milioni nimetengeneza nikiwa tu kwa keja."

Ilikuwa akaunti ya demo. Pesa hewa. Hakuna hata senti moja inayoweza kutoka hapo iingie M-Pesa. Lakini dogo alikuwa ashapiga hesabu zake. Mamake yuko kwa chama, zamu yake ya kupokea ilikuwa inafika mwisho wa mwezi, na dogo alikuwa anapanga kumwomba Sh20,000 "azizalishe". Swali lake kwangu lilikuwa moja tu: aende real sasa ama angoje?

Nilimwambia angoje. Hakufurahi. Kwa hivyo wacha niandike hapa nilichoshindwa kumweleza tukiwa tumesimama kwa mlango wa saiba, kwa sababu najua hayuko peke yake. Kutoka Gatina hadi Laini Saba, kuna vijana wengi sana wanaoangalia mishumaa ya kijani na nyekundu kwa simu zilizopasuka skrini, wakiamini kuwa hiyo ndiyo njia ya kuomoka.

Kwanza, tusidharauliane. Kijana anayejaribu foreksi si mvivu. Mara nyingi ni mtu aliyetuma maombi ya kazi hadi akachoka, akafanya mjengo Kilimani na Lavington, akabeba mizigo, na mwisho akaona mtandaoni msee wa rika lake akiegemea gari. Tena pesa za kigeni si hadithi ya mbali kwetu. Muulize mama anayeuza mitumba Toi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu Sh160. Miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu Sh130. Belo ni lile lile, meli ni ile ile, lakini hesabu imebadilika. Kwa hivyo mtu akisema anataka kuelewa kinachosukuma sarafu, mimi nasema ni vizuri. Shida ni pale anapotaka kulipia somo hilo na pesa ya kodi.

Hapo ndipo demo inaingia. Ukifungua akaunti ya demo kwenye programu kama MetaTrader, broka anakupa pesa za kuigiza. Bei unazoona ni za soko, zinapanda na kushuka jinsi soko linavyoenda. Pesa yako pekee ndiyo ya uongo. Unanunua euro, unauza pauni, unapata, unapoteza, na jioni bado una nauli ya kesho.

Sasa wale wanaojiita mamenta watakwambia demo ni ya waoga. "Ingia real, ndipo utajifunza." Jiulize nani anafaidika ukiingia real mapema. Wengi wao hulipwa kamisheni na broka kwa kila mtu wanayemleta, na wengine wanauza kozi na signali za Telegram kwa mwezi. Kama unabaki demo miezi mitatu, hapo kwako hakuna mtu anakula. Hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kubaki.

Lakini pia sitaki kuisifu demo bure. Demo nyingi zinakudanganya, na zinakudanganya kuanzia sekunde ya kwanza, pale unapokuta dola 10,000 zinakungoja. Hizo ni karibu Sh1.3 milioni. Nani Kibera ana Sh1.3 milioni za kuchezea? Ukiwa na mtaji huo unaweza kukosea mara ishirini na bado akaunti ikasimama. Unaanza kuamini wewe ni fundi, kumbe ni ukubwa wa gunia tu unaoficha panya.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye demo nyingi unaweza kuchagua kiasi cha kuanzia. Weka kile ambacho ungekuwa nacho kweli. Kama mfukoni kwako ni Sh6,500, weka dola 50. Halafu tuone.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kwenye euro na dola, kiwango kidogo kabisa ambacho wengi huanza nacho ni loti 0.01. Hapo kila pipu moja, yaani ile hatua ndogo ya bei, ni senti kumi za dola. Bei ikienda kinyume chako kwa pipu 50, umepoteza dola 5. Hiyo ni asilimia kumi ya akaunti yako, na pipu 50 ni kitu ambacho soko linaweza kutembea kwa siku moja ya kawaida. Ukiongeza tamaa ukaweka loti 0.1, pipu moja inakuwa dola moja. Pipu 50 hizo hizo zinamaliza akaunti nzima kabla hujamaliza chai.

Sasa geuza upande wa faida. Tuseme umekuwa mtaalamu kweli, unapata asilimia tano kila mwezi bila kukosa. Ni watu wachache sana duniani wanaoweza hivyo mwezi baada ya mwezi, lakini tuseme. Asilimia tano ya dola 50 ni dola mbili na nusu. Sh325. Haitoshi hata bando ulizotumia kuangalia chati.

Hii hesabu ndiyo hakuna menta anayeifungua darasani. Kwa mtaji tulio nao, hata ujuzi haulipi kodi. Na kwa kuwa haulipi, tunakimbilia mkopo wa broka, ule wa kuzidisha nguvu ya pesa yako. Utakuta matangazo ya 1 kwa 400, maana yake dola zako 50 zinaweza kushika biashara ya dola 20,000. Inasikika tamu. Lakini ukiitumia yote, bei ikienda kombo kwa robo asilimia tu, umebaki na simu. Mwaka 2018 msimamizi wa masoko wa Ulaya, ESMA, aliwawekea wateja wa kawaida kikomo cha 1 kwa 30 kwenye sarafu kubwa. Alikuwa ameona kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo kwenye biashara za aina hii hupoteza pesa. Hao ni watu wa Ulaya, wenye mshahara na stima isiyopotea.

Na tukiongea juu ya stima: hilo ni somo lingine ambalo demo inakupa bure mtaani. Umefungua biashara saa nne asubuhi wakati London inaamka, halafu stima inapotea Gatwekera nzima, simu iko asilimia nne, bando imeisha. Kama hukuweka kikomo cha hasara, hujui utarudi ukute nini. Afadhali ugundue hivyo ukiwa na dola hewa.

Najua kwa sababu mimi sikugundua hivyo.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilikuwa na Sh12,000 za kumalizia karo. Wakati huo zilikuwa kama dola 100. Tarehe ya mwisho ya kulipa ilikuwa wiki tatu mbele, na mimi nilikuwa nimecheza demo siku nne, ile ya dola 10,000, nikaona nimeiva. Niliingia real Ijumaa ya kwanza ya mwezi, siku ambayo Marekani hutoa takwimu za ajira. Nilikuwa nimesikia kwamba hapo ndipo pesa ziko. Niliweka loti 0.2, bila kikomo cha hasara, kwa sababu menta alisema kikomo ni cha watu wasio na imani. Takwimu zikatoka saa tisa unusu alasiri. Bei ilienda juu kidogo, nikashangilia, halafu ikaanguka pipu arobaini hivi kama jiwe. Broka akafunga biashara yenyewe. Nilibaki na dola ishirini na kitu, na mikono inatetemeka.

Sitadanganya eti foreksi ndiyo ilinitoa chuoni. Karo ilikuwa imenilemea kabla ya hapo. Lakini hiyo ndiyo pesa ya mwisho iliyokuwa inanishikilia kwenye orodha ya darasa, na mathee alikuwa anajua imelipwa. Nilimwambia ukweli baada ya miezi minane. Hakunipigia kelele. Aliuliza tu, "Na hukuwa unaweza kujaribu kwanza na kidogo?"

Ndiyo, mathee. Nilikuwa naweza kujaribu na sufuri.

Kuna watakaosema demo haikufundishi hofu, na hapo wana ukweli. Mkono hautetemeki ukipoteza pesa hewa. Tena kuna siku soko linafanya mambo ambayo mazoezi ya kila siku hayakuandai nayo. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliondoa ghafla kikomo ilichokuwa imewekea faranga yake dhidi ya euro. Faranga ikaruka kwa dakika chache, na watu waliokuwa wameweka vikomo vya hasara wakafungiwa mbali sana na bei waliyotaka. Kampuni ya broka, Alpari ya Uingereza, ilianguka kwa sababu ya siku hiyo. Kama broka mzima aliweza kuzama, wewe na dola zako 50 ni akina nani?

Lakini angalia hoja hiyo inaelekea wapi. Ukisema demo ni rahisi kuliko real, basi mtu anayechoma demo atafanya nini kwenye real? Demo haiwezi kukuhakikishia kwamba utafaulu. Inachoweza ni kukuonyesha mapema kwamba utafeli, na hilo ni jibu la thamani sana kwa mtu ambaye hana pesa ya kupoteza.

Kwa hivyo hii ndiyo form ningempa mdogo wangu. Weka demo ya kiasi chako halisi. Chagua jozi moja tu ya sarafu, euro na dola inatosha. Usihatarishe zaidi ya dola moja kwa biashara moja, na weka kikomo cha hasara kila mara. Nunua daftari la shule, andika kwa nini uliingia na kwa nini ulitoka, hata kama sababu ni "nilikuwa na hasira". Fanya hivyo miezi mitatu bila kuongeza pesa hewa mpya. Ukichoma akaunti, andika tarehe, anza tena. Ukiichoma mara ya tatu, shukuru Mungu kwamba haikuwa karo, ufunge programu uende ukatafute kitu kingine. Hakuna aibu.

Na ukimaliza miezi mitatu ukiwa umesimama, bado angalia broka wako. Kanuni za Kenya za biashara ya foreksi mtandaoni zilitoka 2017, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, ina orodha ya kampuni zenye leseni. Iko kwenye tovuti yao, ni bure kuisoma. Hata mtu wa kusimamia pesa za wengine kwenye foreksi anahitaji leseni yake. Kwa hivyo yule msee wa Telegram anayesema "nitumie elfu tano nikuchezee, nakurudishia kumi Ijumaa", muulize leseni iko wapi. Akikublock, umepata jibu.

Kitu kimoja hakiwezi kujadiliwa: pesa ya real isitoke kwa Fuliza, isitoke kwa Hustler Fund, isitoke kwa chama cha mtu. Soko la sarafu linazungusha zaidi ya dola trilioni 7 kwa siku, kulingana na takwimu za BIS za 2022. Halijui kwamba mwenye nyumba anabisha tarehe tano.

Yule dogo wa 46 tulionana tena juzi. Alikuwa amefungua demo ya dola 50, kwa hasira, ili anionyeshe. Jumatatu alikuwa na dola 61. Jumatano alikuwa na sufuri. Alinisimulia akicheka, lakini niliona imemuuma kidogo. Nikamuuliza kuhusu ile Sh20,000.

"Mathee alinunua tenki ya maji," akasema. Sasa wanauzia majirani kwa mtungi.

Kwa demo bado yuko, anajaribu mara ya pili. Daftari ameanza. Na wewe unayesoma hii ukiwa na chati imefunguliwa kwa simu, kabla ujibu kwamba wewe ni tofauti, weka dola 50 hewa, kisha urudi baada ya miezi mitatu utuambie.