Nguzo za Dungu

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaofanya kazi mijini mguu mmoja uko kiwandani, bandarini au ofisini, na wa pili uko bondeni kwa wazazi. Kila mwisho wa mwezi hutoka kitu kidogo kwenda kulipia trekta, mbegu au palizi. Na punje za mpunga zinapoanza kutia maziwa, habari zinazotoka nyumbani huwa ni zile zile mwaka hata mwaka: ndege wameingia, tunataka kujenga dungu.

Kwa yule aliyezaliwa Kariakoo na hajapata kulala shambani hata siku moja, dungu ni jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya nguzo, ambalo mlinzi hukaa juu yake akaliona shamba zima. Sehemu nyingine huitwa ulingo. Katika bonde la Rufiji dungu mara nyingi ni nyumba kamili yenye paa la makuti au nyasi, na jamaa huhamia humo msimu mzima na vyombo vyao: mchana wakiwinga ndege, usiku wakisikiliza nguruwe na viboko. Kwa hiyo tunapozungumza habari ya nguzo za dungu, tunazungumza habari ya nyumba ambamo watoto wanalala.

Adui mkubwa ni kweleakwelea. Ndege huyu ni mdogo, hujaa kiganjani, na kwa siku moja hula nafaka kiasi cha gramu 10 tu. Lakini haji peke yake. Kundi la ndege 100,000, ambalo kwa kweleakwelea si kundi la kushangaza, litakula tani nzima kati ya macheo na machweo. Hushuka alfajiri, hupumzika jua likiwaka, kisha hurudi alasiri. Mlinzi aliyechelewa nusu saa asubuhi hukuta masuke yamekwisha kuwa makapi.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike makala hii, ingawa hakinipi sifa yoyote.

Miaka michache iliyopita mama alinipigia simu akaomba fedha za nguzo. Mimi, kwa kujiona mtu wa mjini anayejua mambo, sikutuma fedha. Nilikwenda barabarani nikanunua mirunda, ile miti ya mkaratusi ambayo mafundi huitumia kushikilia mbao za zege. Ilikuwa imenyooka kama rula, imelingana unene, na bei yake ilikuwa nafuu. Nikaipakia katika gari la jamaa aliyekuwa akielekea huko, nikakaa nikijipongeza. Ilipofika, nilivyokuja kuambiwa baadaye, mjomba wangu aliizunguka mara mbili, akaigonga kwa mgongo wa panga, akanyamaza. Mama naye alinyamaza. Nani atamwambia mtoto aliyegharamia kwamba alicholeta hakifai?

Msimu wa kwanza dungu lilisimama vizuri. Msimu wa pili, asubuhi moja, kundi la ndege lilishuka upande wa mtoni. Mtoto wa dada yangu, wa miaka 11, pamoja na mwenzake wakakimbilia ukingo mmoja wa jukwaa, kombeo mkononi. Nguzo ya upande ule ikakatika kama muhogo. Mwenzake aliangukia matopeni akatoka na michubuko. Mpwa wangu aliangukia mkono. Ulivunjika chini ya kiwiko. Dada na mama walishinda siku mbili wakihangaika naye hospitalini, na siku hizo mbili shamba halikuwa na mtu. Sina haja ya kueleza tulivuna nini.

Nilipokwenda kumwona mgonjwa, mjomba alinichukua hadi pale dungu lilipokuwa, akaing'oa nguzo iliyovunjika. Juu ilikuwa nzima kabisa, hata fundi angeinunua tena. Chini, pale ambapo udongo hukutana na hewa, haikubaki ila gamba lenye vumbi la mchwa ndani yake.

"Mjomba," akaniambia, "wewe ulinunua urefu. Umri hukununua."

Ndugu msomaji, maneno hayo yamebeba karibu elimu yote ya kuchagua nguzo. Mti una sehemu mbili: ya nje, nyeupe, inayopitisha maji mti ungali hai, na kiini cha ndani, chenye rangi nzito, ambacho mti hukijenga taratibu kadiri unavyozeeka. Kiini hicho ndicho kinachomshinda mchwa. Ile sehemu nyeupe ni chakula chake. Mrunda ni mkaratusi wa miaka michache, uliokuzwa upesi. Karibu wote ni weupe mtupu. Kwa kazi ya kushikilia zege majuma machache hauna lawama. Kuuzika ardhini, tena katika bonde lenye maji, ni kumwandalia mchwa karamu. Mikaratusi iliyopikwa kwa dawa kiwandani, kama nguzo za umeme, ni jambo jingine, na bei yake ni nyingine.

Basi mti gani ufaao? Wazee wakiulizwa watataja mpingo kwanza, na ni kweli kwamba kiini chake hukaa ardhini miaka mingi sana bila kuguswa. Lakini mpingo leo ni mali ya wachongaji na ya watengenezaji wa ala za muziki, na hukatwi bila kibali. Si mti wa kumchomekea kweleakwelea. Mkambala ni mgumu unaoharibu mashoka, na mchwa huuepuka, anayeupata asiuache. Mvumo, ule mti wa jamii ya mnazi uliosambaa katika bonde la Rufiji, mbao zake za nje huvumilia sana, ila zile laini za katikati hazina maana. Mwembe, mkorosho na msufi wasikudanganye kwa unene wao: ni miti laini. Mianzi hubunguliwa na wadudu mapema. Mlonge mbichi ukiuchimbia utachipua na kukupa mboga, jambo jema, lakini usipande juu yake.

Na mikoko? Wauzaji wa pwani huipanga kwa majina ambayo kila fundi anayajua: fito, pau, mazio, boriti, kisha nguzo, kutoka wembamba wa kidole hadi unene wa paja, na huiuza kwa korja, yaani miti 20. Sifa zake ni za kale. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti. Kwa dungu, boriti ya mkoko inafaa sana kulazwa juu kubeba jukwaa. Lakini misitu ya mikoko ni hifadhi, na anayeinunua aulize kibali cha muuzaji kabla ya kuuliza bei.

Ukiwa mbele ya rundo la miti, usianze kutazama unyofu. Dungu halihitaji miti iliyonyooka. Tazama kwanza upande uliokatwa, uone kiini kimechukua nafasi gani. Kikiwa ni kijiduara tu katikati, rudisha. Ugonge: mti mzima hulia, uliooza hunyamaza. Tafuta vijitundu vyenye unga, na vijia vya udongo ambavyo mchwa hujenga chini ya gome. Kisha tafuta panda. Nguzo yenye panda juu hukaza boriti bila msumari. Na msumari katika dungu ni wa kuogopwa, maana hupasua mti, hushika kutu, na hukatika siku usiyoitazamia. Kamba ya gome mbichi, ikikauka, hujikaza yenyewe.

Kuhusu vipimo, kwa jukwaa linalozidi kimo cha mtu, usikubali nguzo iliyo nyembamba kuliko boriti, yaani sentimita 12 hivi, na usiichimbie chini ya dhiraa mbili. Katika udongo wa mfinyanzi, ambao hulainika masika na kupasuka kiangazi, ongeza shubiri nyingine. Bambua gome lote kwanza. Shindilia udongo kidogo kidogo, si kwa kumwaga wote kisha kukanyaga juu, na umalizie kwa kilima kidogo ili maji yatiririke mbali na nguzo. Wako wanaosimika nguzo kichwa chini wakisema haitaoza; sina ugomvi nao, ila upande mnene ndio ninaotaka uwe ardhini. Wako wanaounguza mwisho wa nguzo kwa moto. Hiyo huua wadudu waliomo, lakini mkaa ukishapasuka mchwa wapya hupita. Wako pia wanaopaka oili chafu ya magari. Hilo nalikataa kabisa: mpunga umesimama katika maji yale yale, na watoto hushika nguzo zile zile kisha wakala.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni mishazari. Nguzo nne zilizosimama wima hubeba mzigo uliotulia, lakini mtoto anayewinga ndege hatulii. Hukimbia, huruka, huzungusha kombeo kwa mwili wake wote. Miti ya mshazari iliyofungwa kutoka nguzo hadi nguzo, kila upande, ndiyo inayolizuia dungu lisiyumbe. Aidha zile kamba zenye makopo zinazovutwa ili kutisha ndege zisifungwe katika nguzo za dungu. Zichimbieni kijiti chake pembeni. Kamba kumi zikivutwa pamoja kutwa nzima huilegeza nguzo kama jino.

Nimepata kusoma habari za wakulima wa Uingereza, ambao adui yao ni njiwa-mwitu anayeshambulia njegere na mazao ya mafuta. Wao hujenga kibanda cha wavu kando ya shamba, mwindaji akajificha ndani na bunduki yake. Vijiti vyao ni vinne au vitano tu, vyepesi, vimechongwa ncha chini na vina panda juu. Siku hizi wengi hutumia vya chuma vinavyorefushwa na kufupishwa. Vinabeba wavu tu, basi wanaweza kuchagua wepesi. Nilipoyasoma hayo nilicheka. Mwindaji wa kule anajificha ili njiwa waje. Mlinzi wetu anapanda juu aonekane ili ndege waende zao. Na sisi juu ya vijiti vyetu tumewaweka watoto.

Hapo pia nina neno. Msimu wa ndege huangukia siku za masomo, na mtoto aliyeamka saa kumi za usiku kulinda mpunga hawezi kusikia anachofundishwa mchana, hata akifika darasani. Sisi wa mjini tunapotuma fedha za trekta na mbolea, ni nadra kutuma ujira wa mlinzi mtu mzima. Tunajua nani atalinda bure. Mimi sasa huuhesabu ujira huo pamoja na mbegu, na hakika yake unauma. Mwaka jana niliahirisha kununua godoro. Pia hutuma chandarua, na mjomba amesimamisha fito nne juu ya jukwaa za kukitundika, maana mbu wa bondeni hawana likizo.

Dungu jipya limejengwa kwa mkambala. Miti yenyewe ni ya kupinda-pinda, na mgeni akiliona atadhani lilijengwa na mlevi. Fedha nilituma, mjomba akachagua. Mpwa wangu alikaa na plasta wiki sita, na mkono wake haukunyooka sawasawa. Siku za mapumziko bado huenda shambani. Kabla ya mtu yeyote kupanda ngazi, yeye hupiga magoti penye kila nguzo, hufukua udongo shubiri moja, na kuuchoma mti kwa ncha ya kisu.